Menyu ya kuonja Indian Accent, New Delhi: mama atashiba?

Mjukuu wa Bi Hawa
Habari zenu wakuu. Desemba naenda na mama New Delhi, kaka yetu anahitimu masomo. Ametuwekea meza Indian Accent, ndani ya hoteli ya The Lodhi. Nasikia pale huletewa vyakula vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, saa mbili na zaidi. Mama ana miaka 68, hali nguruwe, na pilipili kali haimpi usingizi. Ananiuliza, "Nisafiri mpaka India nikale vijiko viwili viwili?" Aliyewahi kula pale anisaidie, nimjibu nini?

Kungumanga
Mwanangu, mwambie mama atashiba. Nilikula pale Januari moja na mume wangu, tukaingia na wasiwasi huohuo.

Kwanza kilikuja kimkate kidogo cha naani, cha moto, kimejazwa jibini yenye ukungu wa buluu, na kikombe cha supu. Jibini ile ikiwa baridi hunishinda kwa harufu. Ndani ya mkate wa moto ililainika, ikabaki chumvi na utamu wa maziwa. Kisha puchka, vile vimkate vyembamba vikavu vya kutoboa kwa kidole, na maji ya ladha tano. Mimina, tia chote mdomoni kwa mara moja. Ukiuma nusu yanakumwagikia. Ya ukwaju nayakumbuka mpaka leo.

Katikati wanakuletea kitu baridi cha kusafisha kinywa, kulfi, yaani aiskrimu ya Kihindi, ya komamanga yenye churan, ule unga wa chumvichumvi na uchachu wa kusaidia tumbo. Inakuja ndani ya jungu la presha dogo, mfano wa vyombo vya watoto vya kuchezea. Mume wangu alilifungua na kulifunga mara tatu.

Lakini kilichonigusa ni daulat ki chaat. Ni povu la maziwa, chakula cha mitaa ya Old Delhi wakati wa baridi: maziwa hupigwa mpaka yaumuke, na baridi ndiyo inayolishikilia povu lisianguke. Daulat maana yake mali, ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi "dola" kwa maana ya serikali, na pale sahani huja na noti bandia za rupia 500 pembeni. Unatia kijiko mdomoni, kabla hujameza povu limekwisha, umebaki na zafarani na lozi. Nilinyamaza kidogo pale.

Kuhusu nguruwe: siku yetu zilikuwepo mbavu za nguruwe za achari tamu ya embe. Kaka apige simu sasa, asingoje mezani, na suala la pilipili aliseme hapohapo. Mimi ningemchukulia mama menyu ya wasiokula nyama. Huo ndio upishi ambao India imeukomaza kwa karne nyingi, na ule uyoga wa guchhi wa Kashmir niliuona mtamu kuliko nyama zote za usiku ule. Tena asijaze tumbo kwa mikate yao ya kulcha.

Abuu Swaleh
Naongezea. Kama kuna kitu kinamdhuru mama, usiseme mara moja ukatulia. Mgahawa mwingine wa aina hii, mji mwingine, niliwaambia sili korosho. Sahani ya sita ikaja na mchuzi wa korosho zilizosagwa, midomo ikavimba. India ya kaskazini korosho husagwa kulainisha mchuzi, huzioni kwa macho. Uliza kila sahani inapotua.

Na bili: hoteli kubwa kama hiyo huongeza kodi ya asilimia 18. Malipo ya huduma yakiandikwa juu yake, mnaweza kuomba yaondolewe; Mahakama Kuu ya Delhi ilikubali mwaka 2025 kwamba mteja halazimishwi.

Mjukuu wa Bi Hawa
Asanteni sana. Kaka ameshapiga simu, mama tumemwekea ya mboga. Nimemsomea yote, akanirudisha kwenye povu la maziwa mara mbili. Sasa anataka kwanza ale lile la mtaani, ndipo aone wa hotelini wamelifanya nini.

Kungumanga
Basi mpeleke Chandni Chowk, kule Old Delhi, Desemba ndiyo wakati wake. Muondoke asubuhi na mapema na mumvalishe sweta. Jua likipanda, povu linashuka.