Majini, mizimu na mapenzi: kati ya riwaya hizi mpya, zipi zina uhai kweli?

MwalimuRaskazone (Tanga)

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tangu mwaka jana nimeingia kwenye hizi riwaya mpya za Kiingereza ambazo wahusika wake ni Waafrika, Waarabu, Wahindi, watu wa Mexico, badala ya wale wafalme wa Ulaya tuliowazoea. Nilizipokea kwa furaha kubwa. Nimesoma mbili mpaka sasa, na zote mbili zimeniacha njiani.

Ya kwanza ni Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018). Mwanzo wake niliusoma nimesimama. Mfalme ameua wenye uwezo wa uchawi, mama yake Zélie akiwa mmoja wao, na binti anafunga safari kuurudisha uchawi huo. Lakini katikati Zélie anaanza kumpenda Inan, mtoto wa mfalme yuleyule, na mapenzi yanafurika kama maziwa jikoni, kabla hujageuka yamemwagika. Mimi kwa mama yangu nisingesahau upesi vile.

Ya pili ni Binti ya Nnedi Okorafor (2015). Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anatoroka kwao usiku kwenda kusoma chuo kikuu cha sayari nyingine, amejipaka otjize, ule udongo mwekundu wa kwao. Picha hiyo sitaisahau. Halafu wenzake chomboni wanauawa, na baada ya kurasa chache kitabu kimeshafika kwenye suluhu. Nilibaki nawafikiria wale maiti peke yangu.

Sasa swali. Binamu yangu anakuja kutoka Uingereza Desemba, amesema atanibebea vitabu viwili tu. Nataka kimoja cha maajabu au cha kutisha, na kimoja cha mapenzi kwa ajili ya mke wangu, naye ni msomaji. Msinipe orodha za tuzo. Nipeni mlichokisoma wenyewe mpaka ukurasa wa mwisho, na mseme kweli.

MzeeWaMaktaba

Mwalimu, pole na kazi. Kabla hujavuka bahari, umeisoma Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001)? Babu anamrudia mjukuu wake, mtu mwenye cheo na mali, na kumtoa nje akaone watu wanavyoishi. Sijasoma kitabu cha Kiingereza cha mizimu kilichonikosesha usingizi kama hicho, kwa sababu yule babu nilikuwa namsikia kwa sauti ya babu yangu mzaa baba. Na Nagona ya Kezilahabi (1990) nimeisoma mara tatu, kila mara naiona mpya. Vitafute hivyo huku huku kwanza.

BintiMvuvi (Mombasa)

Assalam aleikum mwalimu, na wewe mzee wangu shikamoo. Mimi ni mshonaji, nina cherehani yangu Mji wa Kale, na vitabu navisoma baada ya isha kazi ikishapoa. Tuko wanawake wanne tunaopokezana nakala moja. Nitasema ninavyoona.

Cha maajabu, mwambie binamu akuletee The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber (2021). Aisha ni binti wa Kihadhrami wa hapa hapa Mombasa. Baba yake mvuvi ametoka baharini harudi, naye anakwenda kumtafuta kwa chombo cha mifupa, mwenzake ni paka anayesema. Huko mbele wanakutana na viumbe wa bahari mpaka Baba wa Papa mwenyewe.

Bibi yangu hajui Kiingereza. Nilimsomea jioni baada ya jioni, nikitafsiri papo hapo, yeye ana ungo mapajani anachagua mchele. Siku za mwanzo alikuwa akisikiliza tu. Nilipofika kwa nyanya yake Aisha, Hababa, anayetaka mjukuu atulie nyumbani aolewe, bibi akaweka ungo chini. Akaniambia: "Babu yako alipotea siku mbili, wewe hujazaliwa. Mimi nilikuwa napika kila mlo na kumwekea chakula chake, maana ukiacha kumpikia ndiyo umekubali kafa." Miaka yangu 46 nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Babu alirudi siku ya tatu, akala chakula kilichopoa, na hawakulizungumza tena. Bibi akachukua ungo wake, akaniambia haya, endelea.

Ndiyo maana nakipenda kitabu kile. Mwandishi hasimami kumweleza mgeni. Paka anasema, basi anasema. Kunguru wana mambo yao, basi wanayo. Nimesoma riwaya nyingi za hivi karibuni ambazo jini hajakohoa, mwandishi ameshatoa darasa: jini ni nini, kaumbwa kwa nini, watu wa pwani wanamwogopaje. Wewe msomaji wa kwetu unajikuta umekaa sebuleni kwako, unamsikiliza mwongoza watalii akiwaonyesha watu makochi yako. Mambo hayo yananiuma, kwa sababu jalada lilikuwa limeniambia kitabu ni changu.

Dosari nayo inayo. Aisha akisharudi nchi kavu mwendo unapungua na sentensi zinakuwa nzito. Mwenzetu mmoja alikiachia hapo. Mimi naona ndipo kinaposema jambo lake, kwamba binti aliyekwisha kutazamana na Baba wa Papa hawezi tena kukaa kimya akipangiwa mume. Lakini kisome akili ikiwa haijachoka.

Kama utapata nafasi ya cha pili cha maajabu, The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty (2023). Karne ya 12, bahari yetu hii: Aden, Mogadishu, Sokotra. Amina alikuwa nahodha na haramia, sasa ametulia na binti yake, na goti linamsumbua. Goti! Nimesoma mashujaa wangapi, hakuna hata mmoja anayeinuka akishika ukuta. Mguu wangu wa kulia, wa kukanyagia cherehani, unaniambia mvua inakuja kabla ya redio, na hapo ndipo nilipomwamini Amina. Tena anasali, anakosea, anatubu, anarudi kukosea, na dini yake haikuwekwa kama pambo wala kama pingu. Yule mchawi wa Kifaranji, yaani Mzungu wa Ulaya, anayepambana naye ndiye dhaifu. Kila akitokea nilikuwa natamani turudi kwa Dalila, fundi wa sumu.

Cha kutisha: The Reformatory ya Tananarive Due (2023). Florida, 1950. Robert ana miaka 12, amempiga teke kijana wa kizungu kwa kumtetea dada yake, anahukumiwa miezi sita kwenye shule ya kurekebisha watoto. Wavulana wamefia pale na mizimu yao haijaondoka, naye Robert anaweza kuwaona. Mjomba wa ukoo wa mwandishi alifia kwenye shule ya namna hiyo Florida mwaka 1937, akiwa na miaka 15, na jina lake Robert vilevile. Ukishajua hilo unasoma kwa adabu nyingine. Mizimu haikunitisha hata kidogo. Kilichonitisha ni mkuu wa shule, mtu mzima mwenye funguo, anayezungumza taratibu. Nina mtoto wa kiume wa umri uleule wa Robert. Kuna sura moja ya viboko niliifunga, nikakaa siku nne sijagusa kitabu, halafu nikarudi kwa sababu niliona haya kumwacha yule mtoto mle ndani. Ni kinene, zaidi ya kurasa 500, kwa hiyo sanduku la binamu lifikirie.

Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia (2020) kila mtu anaisifu. Mimi nusu ya kwanza nilisinzia. Lakini kuna familia ya Kiingereza iliyokwenda kuchimba fedha Mexico ikaleta mpaka udongo wa kwao Ulaya ili maua yao yaote, na jambo hilo moja lilinitisha kuliko kuvu zote zilizoota kwenye kuta za nyumba yao.

Sasa cha mama mwalimu. Get a Life, Chloe Brown ya Talia Hibbert (2019). Chloe ni Mwingereza mweusi, ana faibromialjia, yale maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwa macho. Alipougua marafiki walimkimbia, na mchumba pia. Sasa ameandika orodha ya mambo anayotaka kuyafanya kabla maisha hayajampita, na anayemsaidia ni Red, msimamizi wa jengo analoishi. Kuna siku wanakwenda kulala kwenye hema, limo kwenye orodha, na Red anauangalia mwili wake usiumie bila kumgeuza mtoto mchanga. Nimesoma mapenzi mengi ya matajiri na magari; hii ndiyo ya kwanza iliyonifanya nione kwamba kumuuliza mtu "leo umeamkaje?" na kungoja jibu ni mapenzi. Ugomvi wa karibu na mwisho umeletwa kwa nguvu, ungeisha kwa mazungumzo ya dakika tano. Na nikuambie mapema: zipo kurasa za chumbani zilizo wazi kabisa. Kisiachwe mezani wanafunzi wakija.

Salum_Muscat

Dada BintiMvuvi, nimekusoma mara mbili na nakushukuru, hasa kwa habari ya bibi. Ila kwenye darasa la majini nakupinga. Mimi nilizaliwa Unguja, nimekuzwa Muscat, na wanangu majini wanayajua kwa katuni. Kwao yale maelezo ni mlango. Mwanangu wa pili alisoma Amina akakuta neno nakhudha, akaja kuniuliza kama ndilo lile neno nahodha nililokuwa nikimtaja nalo babu yake. Nikamwambia ndilo, na hapa Omani wazee bado wanalisema. Usiku ule nilimweleza jahazi, tanga na msimu wa kaskazi mpaka mama yake akatuzimia taa. Bila mwandishi kufungua kidogo, mtoto asingeuliza.

BintiMvuvi (Mombasa)

Kaka Salum, nimekuelewa, na sikuwa nimewafikiria watoto wa ugenini. Lakini tazama, mwanao alikuta neno halikuelezwa likamtosha, akamfuata baba yake. Kama mwandishi angelimalizia palepale kwa mistari mitatu, angekuja kwako? Mimi nataka kitabu kiache nafasi ya baba. Hata hivyo kwa Amina nakubali, maana pale Amina mwenyewe anamsimulia karani wake hadithi aiandike, na msimulizi ana haki ya kueleza.

MwalimuRaskazone (Tanga)

Mmenitendea wema, nyote. Mzee, Babu Alipofufuka nimeipata kwa mwenzangu wa idara ya Kiswahili, naianza kesho. Kwa binamu nimeandika The House of Rust na Chloe Brown. Hicho cha pili sikukichagua mimi. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma kwenye simu, akafika pale kwenye maumivu yasiyoonekana, akasema huyo niletee. Viungo vinamuuma mwaka wa tatu huu, na hospitali aliyokwenda walimwambia hana kitu, apumzike. Alikuwa hajanieleza jinsi neno lile lilivyomkaa. Kanieleza leo.

BintiMvuvi (Mombasa)

Mpe pole sana, na mwambie asikubali jibu moja la hospitali moja. Binamu atafute chenye jalada laini, ni chepesi kushika mikono ikiuma. Na akifika kwenye lile hema, naomba aniandikie mwenyewe.