Kilwa Kisiwani na Kivinje siku moja kutokea Lindi, muongozaji binafsi ana faida au nijipange mwenyewe?

NgapaKwetu
Habari za humu wakuu. Wakwe zangu wanakuja Lindi mwezi wa nane, wanatokea Mwanza. Baba mkwe kafundisha historia sekondari mpaka kastaafu, na toka nimuoe binti yake kila nikimpigia simu ananiuliza "mwanangu, ushafika Kilwa?" na mimi bado baba, kazi zimebana. Sasa anakuja mwenyewe sina pa kukimbilia. Nataka tutoke Lindi alfajiri na gari yangu, tuvuke Kisiwani tukaone magofu, kurudi tupitie Kivinje, usiku tuwe nyumbani. Tupo wanne, mama mkwe magoti yanamsumbua. Kuna jamaa kanitajia bei ya muongozaji na boti ya peke yetu, nikabaki nimeshika simu tu. Je siku moja inatosha? Na kweli kuna haja ya muongozaji wa peke yetu au tujiunge na kundi tupunguze gharama?

Msingino
Karibu Kilwa. Kundi gani mkuu, huku sio Ngorongoro, siku nyingine mtakuwa nyie wenyewe na mbuzi wa kijijini. Siku moja inatosha ila mpangaji ni bahari, sio wewe wala huyo jamaa. Kabla hujamlipa mtu hata mia, uliza siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, saa nne asubuhi maji yanakuwa yametoka, boti inawashusha mbali mnakanyaga tope na mawe, na mama mwenye magoti utambeba mgongoni. Chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hapo asubuhi ya saa nne saa tano maji yamejaa mnashuka karibu kabisa na Gereza, ile ngome ya ufukweni. Halafu mwezi wa nane kusi bado linavuma, mchana bahari inachafuka, kwahiyo saa saba muwe mshageuza. Kuvuka kwenyewe ni karibu sana, kisiwa unakiona toka Masoko, mji wa bara mnapopandia boti, boti ya mashine ni dakika chache tu.

Kibali mnachukua Masoko kabla ya kuvuka, nendeni na vitambulisho maana Mtanzania halipi sawa na mgeni. Malipo ya serikali dai kontrol namba na risiti, yule anayesema "nipe mimi nitamalizana nao" muage vizuri.

KoroshoGhafi
Mi naona muongozaji binafsi ni kupoteza hela. Niliwahi kwenda na mmoja, yaani kila tukifika kwenye ukuta "huu ni ukuta wa zamani sana", tukienda mbele "na huu pia". Sasa si naona mwenyewe? Mzee ni mwalimu wa historia, mpe boti tu awafundishe yeye.

BintiMikindani
@KoroshoGhafi ulipata muongozaji mbovu, pole, lakini usimkatishe mwenzio tamaa. Kile kisiwa bila mtu anayekijua utaona mawe na mibuyu basi. Pale Msikiti Mkuu kuna sehemu mbili, ya kaskazini ndogo ndio ya mwanzo, karne ya 11 hiyo, halafu ile kubwa yenye vikuba iliongezwa baadae. Ukiwa peke yako unapita zote kwa dakika tano unapiga selfi unatoka. Mtu anayejua anakusimamisha chini ya kuba, unaangalia juu unaona mawe ya matumbawe yalivyopangwa na chokaa, na hapo ndio unajiuliza hawa watu walikuwa na hela kiasi gani.

Na hela walikuwa nayo. Dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilikuwa inapitia mikononi mwao, walipiga sarafu zao za shaba, na moja ya sultani al-Hasan bin Sulaiman imekutwa Great Zimbabwe, yale magofu ya mawe nchini Zimbabwe. Nyingine za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel kule Australia mwaka 1944, zilifikaje huko watu wanabishana mpaka leo. Huyo sultani ndiye anayetajwa kujenga Husuni Kubwa, lile jumba la juu ya mwamba lenye bwawa la kuogea la pembe nane, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alimkuta anatawala alipofika mwaka 1331. Muulize mzee atakuambia.

Kipimo cha muongozaji mimi natumia swali moja, namuuliza kwa simu Gereza alijenga nani. Akisema Mreno akaishia hapo, bado. Mreno alijenga ngome 1505 baada ya kuvamia mji, akaondoka 1512, hili jengo mnaloliona limejengwa upya enzi za Waomani. Akikueleza hivyo mchukue, na usimpunje.

NgapaKwetu
@BintiMikindani hilo swali nimelichukua, mzee nae atalirudia palepale namjua. Na mama je, atafika kote huko?

Msingino
Gereza, Msikiti Mkuu na jumba la Makutani zipo upande mmoja, atatembea polepole akipumzika. Husuni Kubwa iko mbali, zaidi ya kilomita moja, msiende kwa miguu. Boti yenu wenyewe ndio inapoonesha faida hapo, nahodha anawazungusha kwa maji mpaka chini yake, ila kupanda juu ni ngazi. Mama abaki kivulini na binti yake, nyie mkapande. Songo Mnara, kile kisiwa kingine chenye magofu, msiitie tamaa siku hiyo, ni safari nyingine.

Mstaafu_Kivinje
Wanangu naona Kivinje mnaitaja kama kituo cha kuchimba dawa. Watu wanafika kwetu jua linazama, wanapiga picha nyumba iliyoanguka wanaondoka. Mwalimu wa historia asipite hivyo. Karne ya 19 misafara ya watumwa na pembe ilikuwa inashukia hapa, halafu Mjerumani akaja akaweka boma. Na hapa ndio alinyongwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji, na mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga ndio jina lake limetokana na shughuli hiyo. Saa saba mkirudi Masoko kuleni, saa tisa muwe Kivinje, njia ya kuingia mnaiona kabla ya kufika Nangurukuru. Muongozaji mwambieni toka mwanzo kwamba bei yake ni mpaka Kivinje, wengi wakishavuka kurudi Masoko wanaona kazi imekwisha.

NgapaKwetu
Shukrani mzee wangu. Basi nampigia yule jamaa nimuulize Gereza kwanza, akipata ndio tuongee bei. Na mavazi vipi, kuna masharti?

Mstaafu_Kivinje
Kisiwani ni kijiji cha Waislamu, wanawake wachukue kanga ya kujitanda, kaptula aache Lindi. Mkitaka kumpiga mtu picha muombeni kwanza.

Msingino
Na mama anunue yeboyebo za kubana nyuma, ndala zinabaki kwenye tope.