Natunga mafumbo ya chesi, nipo Tabora. Niyapeleke wapi bila kuibiwa?

MwalimuNgambo (mleta mada)

Mwangaluka wakuu, wakubwa zangu shikamooni.

Naomba ushauri, hasa kwa wanaoijua chesi. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, hapa Tabora mjini. Mchezo wa kijiweni kwetu ni drafti. Ukipita Ng'ambo jioni utakuta watu wamezunguka ubao mmoja chini ya mwembe na kila mtazamaji ana la kusema. Wanaocheza chesi ni wachache, na hata mimi kucheza kwenyewe si sana. Ninachokipenda mpaka usingizi unakata ni kutunga. Nazipanga kete mwenyewe, halafu nasema "nyeupe anaanza, mati hatua ya pili", yaani mfalme mweusi atishiwe na akose pa kukimbilia kwenye hatua ya pili ya nyeupe, na njia iwe moja tu. Daftari limejaa.

Sasa nimekuja kujua kwamba duniani kuna watu wa fani hii hasa, wana majarida, wana mashindano, wana hadi vyeo. Nataka kuingia. Lakini nilipoweka fumbo moja kwenye kundi la mtandaoni, mtu akanifuata pembeni akasema yeye ni wakala, nitume laki na ishirini ya "usajili" ndipo kazi zangu zichapishwe Ulaya na nipewe namba ya mtunzi. Sijatuma. Jingine, naogopa nikiyaachia hovyo mtu atayabandika jina lake. Mke wangu anashauri niyafungie kabatini mpaka nipate mtu wa uhakika.

Fumbo lenyewe ni hili, mpate kujua nazungumzia nini (kila nyumba ya ubao ina herufi, a mpaka h kutoka kushoto, na namba, 1 mpaka 8 kutoka chini upande wa nyeupe). Nyeupe: mfalme f6, ngome a2. Nyeusi: mfalme h8 peke yake. Nyeupe anaanza, mati hatua ya pili. Jibu: mfalme f7, mweusi analazimika kwenda h7, ngome inakwenda h2, mati.

Nifanyeje wakuu?

KeteNyeusi

Mwalimu, usitume hata mia. Majarida ya mafumbo hayamtozi mtunzi ili kumchapisha, na hakuna kitu kinaitwa namba ya mtunzi. Unamwandikia mhariri wa safu husika moja kwa moja kwa barua pepe, anajibu mwenyewe. Huyo wakala mfungie.

BintiSikonge

Pole kaka. Mimi nakubaliana na shemeji. Wasanii wetu wameshalizwa sana kwa kutoa kazi mapema. Ningekuwa wewe ningepita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza nikasajili daftari zima, ndipo nianze kuonyesha watu.

MzeeWaRelini

Marahaba mwalimu. Binti, nia yako ni njema, ila fani hii ina taratibu zake na nitazieleza. Kwanza tumalize fumbo, maana nimezipanga kete ubaoni kabla ya kuandika.

Fumbo lako lina majibu mawili. Badala ya f7, mpeleke mfalme g6. Mweusi hana pengine ila g8. Ngome inapanda a8, na ni mati: f8 na h8 zinashikwa na ngome, f7, g7 na h7 zinashikwa na mfalme wako. Jibu la pili ambalo mtunzi hakulikusudia linaua fumbo, hata liwe zuri namna gani. Mhariri akiliona atalirudisha.

Dawa ipo. Weka askari mweupe b2. Ngome haivuki tena kwenda h2, kwa hiyo njia ya f7 imekufa na g6 imebaki peke yake. Na fumbo limekuwa bora kuliko mwanzo, kwa sababu mfumbuaji atavutwa na f7, atamwona mfalme mweusi anakwenda h7, ndipo agundue kwamba askari wa upande wake mwenyewe kamzibia ngome njia. Njia inayokaribia kufaulu halafu inakwama kwa sababu moja tu, watunzi wanaithamini sana. Lakini hili usilitume. Mikao ya kete chache namna hii imechimbwa tangu zamani, wewe lichukue kama zoezi.

Sasa wizi. Huku kinachokulinda ni tarehe ya kuchapishwa. Fumbo likitoka jaridani na jina lako, yeyote atakayelileta baadaye ataambiwa lina mwenyewe. Kabati ndiyo hatari. Mtu wa Serbia au India anaweza kulifikia wazo lile lile kwa akili yake, bila kukuibia chochote, akalichapisha, na wewe ukija nyuma yake utaonekana ndiye uliyefuata. Ndiyo maana mwamuzi akishatangaza matokeo huachwa muda wa pingamizi: kama kuna aliyetangulia, au kama kuna jibu la pili, watu waseme. Ukipita huo muda ndipo tuzo zinakuwa za kudumu. Na kwenye mashindano ambayo kazi hukusanywa kabla ya kuchapishwa, mwamuzi hupewa michoro bila majina. Hajui ipi ya bingwa na ipi ya mwalimu wa Tabora.

Ukitaka kujua jinsi fani hii inavyomtunza mtu asiye na jina, zipange kete hizi nne. Nyeupe: mfalme b6, askari c6. Nyeusi: mfalme a1, ngome d5. Nyeupe anaanza. Mwaka 1895 mkao huu ulitolewa kwenye gazeti la Glasgow, Scotland, ikiaminika kwamba mweusi anaokoa sare. Askari anakwenda c7, ngome nyeusi inaanza kumkimbiza mfalme kwa cheki, yaani kumtishia kila hatua: d6, mfalme b5, d5, mfalme b4, d4, mfalme b3, d3, mfalme c2. Sasa ngome inarudi d4 na kutega. Ukimgeuza askari kuwa malkia, ngome inapiga cheki c4, malkia anaila, na mfalme mweusi anakosa pa kwenda bila kuwa kwenye cheki. Sare. Padri mmoja Mhispania aliyekuwa akiishi huko, Fernando Saavedra, akaona kitu ambacho wengine hawakukiona: askari ageuzwe ngome. Ngome ya c8 inatishia mati a8, mweusi hana budi kuweka ya kwake a4, mfalme anakwenda b3, anaitishia ngome na papo hapo anatishia mati c1. Mweusi amekwisha.

Padri yule hakuwa mchezaji wa kutajwa. Ni hatua moja tu, na mpaka leo mkao ule unaitwa kwa jina lake.

MwalimuNgambo

Mzee wangu, asante sana. Nimeijaribu g6 na kweli ni mati. Fumbo hili nimekaa nalo muda mrefu na macho yangu yalikuwa f7 tu. Hiyo ya padri nimeirudia mara kadhaa, na wanafunzi nitawapa kesho.

Sasa nitajuaje kama fumbo halina jibu la pili, kabla ya kumsumbua mhariri? Na nitajuaje kama wazo langu halijatumika?

KeteNyeusi

Kwa jibu la pili kuna programu inaitwa Popeye. Ni ya bure, na kazi yake ni kufumbua mafumbo ya aina hii. Inakutolea njia zote, siyo ile bora peke yake. Usitegemee programu za kawaida za kuchezea chesi, zenyewe zikipata ushindi zimeridhika, wala hazikwambii kuna njia nyingine ngapi. Popeye inahitaji kompyuta. Kama huna yako, ya shule inatosha, si programu nzito.

Kwa kujua kama umetanguliwa kuna hazina za mafumbo mtandaoni, mojawapo YACPDB. Ni bure pia. Unatafuta kwa mkao wa kete au kwa jina la mtunzi. Bando dogo linatosha, kurasa zake si za picha nzito. Ukikuta wazo lako lilishatungwa na mtu zamani, usivunjike moyo, mimi huwa nafurahi kwa kweli. Maana yake akili yako imefika peke yake mahali alipofika bingwa.

Mtafutaji88

Mwalimu samahani, nauliza kwa nia njema. Hii kitu inalipa? Huo muda si ungefungua masomo ya ziada upate chochote?

DadaUjiji

Mtafutaji, hailipi. Nakujibu wazi kwa sababu mwalimu asije akaingia akitegemea pesa. Mshindi anapata cheti, medali, pengine kitabu, na jina lake linabaki kwenye kumbukumbu. Walio wengi wana kazi zao nyingine. Comins Mansfield wa Uingereza, mmoja wa watunzi wakubwa kabisa wa mati za hatua mbili, alikuwa mwajiriwa kama watu wengine, na akapewa ugwiji, cheo cha juu kabisa cha watunzi, mwaka 1972 akiwa mtu mzima sana. Mwalimu mwenye mshahara wake na daftari lake yuko mahali pazuri.

Mdogo wangu mwalimu, mimi nipo Kigoma na ni mfumbuaji, siyo mtunzi. Ushauri wangu: kabla hujatuma chochote, fumbua. Fumbua kazi za wengine mpaka ujue nini kimeshasemwa. Mtunzi asiyefumbua anatunga kile kile cha miaka mia iliyopita. Usijifungie pia kwenye mati za moja kwa moja. Kuna mafumbo ya kusaidiana, ambapo mweusi anaanza na pande zote mbili zinashirikiana kumfunga mfalme mweusi. Kuna ya kujifunga, ambapo nyeupe anamlazimisha mweusi amfunge yeye. Kuna na miisho ya mchezo, kama ile ya padri. Na kwenye yale ya kusaidiana, majibu mawili siyo dosari, ilimradi mtunzi ameyatangaza tangu mwanzo. Watunzi wanayatafuta kwa makusudi, jibu moja lifanane na jingine kwa wazo lakini kete zibadilishane kazi. Wewe ambaye ubongo wako umezaa f7 na g6 kwenye mkao mmoja, huenda hapo ndipo nyumbani kwako.

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, kuna shindano la kimataifa la kufumbua linalofanyika siku moja katika nchi nyingi. Ni raundi mbili za saa mbili mbili, kila raundi mafumbo sita ya aina tofauti, kila fumbo alama tano. Unaruhusiwa ubao, kete, kalamu na karatasi. Kompyuta na simu hapana. Watoto wana kundi lao lenye mafumbo mepesi. Kinachotakiwa ni msimamizi wa eneo ambaye waandaaji wamemkubali. Kwa nini Tabora isiwe na chumba chake? Darasa moja, Jumapili moja. Ongeeni na chama cha chesi mapema, msisubiri Desemba.

BintiSikonge

Mzee na dada, nimeelewa, nafuta ushauri wangu wa COSOTA. Hivyo vyeo alivyotaja kaka vinapatikanaje? Kuna mtihani?

DadaUjiji

Kwa watunzi hakuna mtihani. Shirikisho la dunia la watunzi, WFCC, lilianza mwaka 1956 mjini Piran, wakati huo Yugoslavia na sasa Slovenia, likiwa kamisheni chini ya FIDE, shirikisho la dunia la chesi. Lenyewe linasimamia albamu ambamo huchaguliwa mafumbo bora ya kipindi cha miaka mitatu. Kila kazi yako inayoingia inakupa pointi. Ukifikisha 12 unakuwa bwana wa FIDE, 25 bwana wa kimataifa, 70 gwiji. Kuna watu wametunga maisha yao yote hawajafika 70, na wanaheshimika.

Kwa wafumbuaji ni matokeo ya mashindano, na ubingwa wa dunia wa timu upo tangu 1977. Wachezaji wa kawaida nao wamo. John Nunn, gwiji wa mchezo wenyewe, amekuwa bingwa wa dunia wa kufumbua mwaka 2004, 2007 na 2010.

MwalimuNgambo

Dada, hilo la Januari limenigusa kweli. Nina wanafunzi wa kidato cha pili wanaobaki darasani baada ya kengele kwa ajili ya ubao tu. Nitaongea na mkuu wa shule wiki hii, halafu niutafute uongozi wa chama. Wakala nimeshamfungia. Mke wangu nimemsomea maneno ya mzee kuhusu kabati, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza sasa nangoja nini.

Mzee, swali la mwisho. Nikishapata moja lililo safi, barua yenyewe kwa mhariri inaandikwaje? Kiingereza changu ni cha kawaida.

MzeeWaRelini

Kiingereza cha kawaida kinatosha, mistari mitatu. Wahariri wamezoea barua za watu wa lugha nyingi, na mchoro unasomeka kote. Weka mchoro, na chini yake uandike mkao wote kwa herufi na namba, kete moja moja, kwa sababu askari mmoja akikosewa nyumba fumbo zima limekufa. Weka sharti, kwa mfano mati hatua ya pili. Weka jibu lote: hatua ya kwanza, kila utetezi wa mweusi na mati yake, na zile njia zinazokaribia kufaulu pamoja na hatua moja inayoziangusha. Usimwachie mhariri azitafute, anaweza asizione. Taja kwamba umepima kwa Popeye. Jina kamili, mji, nchi.

Fumbo moja litume jarida moja tu. Ukilipeleka kwa wawili kwa wakati mmoja watakuja kujua, na hilo linachafua jina. Waingereza wana The Problemist, chama chao kipo tangu 1918. Wajerumani wana Die Schwalbe, tangu 1924. Usianze na mashindano makubwa ya mada maalumu, anza na safu za kawaida za majarida haya. Tuzo za safu hizo hutangazwa mwaka mmoja au zaidi baada ya kuchapishwa, kwa hiyo ukishatuma endelea na lingine.

Ukiwa tayari na la kwanza, liweke hapa kabla ya kulituma. Nitalipanga ubaoni.

DadaUjiji

Na mimi niwekeeni bila jibu.