Tupeane uzoefu: ulimsikia wapi kwa mara ya kwanza Mzee Hukwe Zawose?

Wakuu, mbukwenyi!

Kila Desemba ikifika mwishoni namkumbuka Mzee Hukwe Ubi Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, aliyefariki tarehe 30 Desemba 2003 kule Bagamoyo. Akifa mwanaroki wa Ulaya au Marekani, mashabiki wake hukesha wakisimuliana: huyu alimwona jukwaani, yule bado ana santuri yake ya kwanza. Mzee wetu alipanda jukwaa moja na Peter Gabriel, mwanaroki wa Uingereza, na baadhi ya albamu zake zilitolewa na Real World, lebo hiyohiyo ya Gabriel, lakini sisi wa huku kwao kumbukumbu zetu tunazo vichwani tu. Waliomfahamu kupitia redio na kaseti wanazidi kupungua. Naomba tusimuliane hapa.

Kwa wadogo zetu wasiomjua: alikuwa Mgogo wa kijiji cha Doma, mkoa huu huu wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akawa Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa, ambacho leo ndicho TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo). Alipiga ilimba (kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze na filimbi. Sauti yake sijui niieleze vipi kwa asiyewahi kuisikia. Inaanza chini kabisa, kifuani, kisha inaruka juu mpaka unadhani ameingia mwimbaji mwingine.

Mimi nilimsikia kwenye lori la baba, tukitoka Mpwapwa. Baba hakuwa msemaji. Kaseti ya Hukwe ikianza alikuwa anaitikia sehemu za kiitikio kwa sauti ya pili, taratibu, macho yakiwa barabarani. Sikuwahi kumsikia akiimba kitu kingine chochote, hata kanisani. Ndiyo maana namuenzi huyu mzee.

Karibuni.

Mdau wa Majengo

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi ni fundi redio. Miaka ile ya redio kaseti kuna mama aliniletea yake akilalamika kwamba spika imechanika, inakoroma. Nikaifungua, nikakagua karatasi ya spika kwa kidole pande zote, nzima. Nikaweka kaseti yangu ya dansi, safi kabisa. Nikarudisha yake, mkoromo ukarudi. Nikasafisha hedi kwa spiriti, bado.

Pale kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja anasubiri betri zake. Akacheka sana. Akasema, "Mwanangu, hiyo redio haina ugonjwa. Huyo ni Hukwe na ilimba yake." Akanieleza kwamba kwenye sanduku la ilimba huachwa vitundu, na kila kitundu huzibwa kwa utando wa buibui. Ukipiga vile vyuma kwa vidole gumba, utando unatetemeka na kutoa ule mvumo. Mpigaji anautaka uwepo, ukikosekana ilimba inakuwa kavu.

Yule mama sikumtoza hata senti. Nilimwomba tu aniachie kaseti hadi kesho yake ili nirekodi.

Mdau wa Nkuhungu

Yangu ni ya shule ya bweni, mkoa wa mbali, shule siitaji. Kuwa Mgogo pale ilikuwa mateso. Nikiomba hata chumvi, bweni zima linacheka: "Ameshaanza kuomba!" Wenzangu mnaujua utani huo wa kwamba Wagogo ni ombaomba, na namna unavyokula mtu ukirudiwa kila siku. Nikafika mahali nikawa nasema kwetu ni Morogoro.

Jioni moja redio ya mlezi wa bweni ikapiga wimbo wa Hukwe. Wavulana waliokuwa wanafua wakanyamaza. Mmoja, Msukuma, mkubwa wetu kwa kila kitu, akauliza hiki ni Kiswahili cha wapi. Nikajikuta nimejibu, "Ni Kigogo. Ni lugha yetu." Akaniambia nikae nimfasirie. Nilifasiri mstari kwa mstari mpaka wimbo ukaisha, na kuanzia usiku ule sikukana tena kwetu. Utani haukukoma, ila haukuniuma tena.

Mungu amlaze pema. Hakunijua, lakini alinisaidia kuliko walimu wengi.

Mdau wa Manyoni

Msisahau kwamba Wagogo tupo mkoa wa Singida pia! Na jamani, msiishie kwa wanaume. Bibi yangu alipiga muheme, na muheme ni ngoma ya wanawake: ngoma imebanwa mapajani, mikono miwili inachapa, njuga za wachezaji zinajibu. Nilipomsikia Hukwe mara ya kwanza sikushangaa kama nyie. Niliona ni mtu aliyekua akisikiliza mama zake wakiimba kwa sauti tatu nne zilizopangana, halafu akayabeba yote hayo kwenye koo lake peke yake. Furaha yangu ni kwamba sasa wanawake wa ukoo ule wanasikika wenyewe. Tafuteni kundi la Zawose Queens, yaani binti wa Hukwe, Pendo, na mjukuu wake Leah, albamu yao inaitwa Maisha, ya mwaka 2024.

Mdau wa UDOM

Mimi ni mtu wa roki, na nilimfikia kwa mlango wa nyuma. Rafiki aliniazima DVD ya Growing Up Live, shoo ya Peter Gabriel iliyorekodiwa Milan mwaka 2003. Nilitaka kuona magitaa na lile jukwaa lake la duara. Ikafika wimbo wa Animal Nation, nikaona Waafrika wawili wanaimba, mmoja mtu mzima. Nikasoma jina: Hukwe Zawose. Kumbe mzee wa Doma, na mimi nimekaa Dodoma nasubiri kutambulishwa na Mwingereza!

Kilichonigusa ni namna anavyosimama pale. Ukumbi umefurika watu, yeye ametulia na anatabasamu, wala hajibadilishi awapendeze. Pembeni yake ni mpwa wake Charles, ambaye naye alifariki mwaka uliofuata, 2004. Kila nikiitazama shoo ile huwa nairudisha hapo tena.

Mdau wa Mpwapwa

Sisi msiba ulitukuta shambani. Mnajua Desemba kwetu, mvua ikigusa ardhi hakuna anayebaki nyumbani, tulikuwa tunapanda uwele. Kaka alikuja na habari kutoka senta kwamba redio imetangaza Hukwe amefariki. Mama aliuliza mara mbili, "Hukwe yupi?" Hakukuwa na mwingine. Akaendelea kupanda, lakini alianza kuimba, sisi watoto tukaitikia mpaka tukamaliza kile kipande. Hatukuwa na ukoo naye. Mama alisema tu kwamba mtu akikuimbia miaka yote hiyo, huwezi kumzika kimyakimya.

Mdau wa Kongwa

Pole sana kwetu sote. Swali: nyimbo zake zinapatikana wapi? Nina watoto wanaosikiliza singeli tu.

Mwanzisha mada

Mkuu, intaneti zipo. Anza na Chibite ya mwaka 1996. Mkuki wa Rocho ya 2002 ndiyo kipenzi changu, humo hakuna pambo, ni sauti na ala zetu. Ipo pia Assembly ya mwaka huohuo, aliyofanya na Michael Brook, ina gitaa na vyombo vya kisasa. Binafsi naona humo ilimba inafunikwa.

Mdau wa UDOM

Hapo tutapingana, mkuu. Mpe kijana wa leo Assembly kwanza, akishaizoea sauti ya mzee ndipo umpe Mkuki wa Rocho. Na mwanawe Msafiri anafanya hivyohivyo, anaichanganya ilimba na vyombo vya umeme na vijana wanamwelewa. Mzee mwenyewe hakuogopa gitaa.

Mdau wa Manyoni

Nawaunga mkono wote wawili, ila kuliko kubishana kwenye simu, wapelekeni watoto Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, yaani Kigogo. Vikundi vinatoka vijijini, watoto wa shule wanapiga zeze na malimba. Mtoto akikaa karibu na ngoma za muheme hutamwambia tena maneno.

Mdau wa Majengo

Nina ombi kwa wana Dodoma. Kaseti za zamani zinaota ukungu, na nyingine zina nyimbo alizorekodiwa mtu akipiga msibani au harusini ambazo hazipo kwenye albamu yoyote, za Hukwe na za wapigaji wengine wa vijijini. Mwenye nazo aniletee, deki yangu bado nzima. Nitazihamishia kwenye flashi bure. Msizichezeshe kwanza nyumbani, utepe uliokauka unakatika.

Mdau wa Mpwapwa

Ya mama ipo, imo kwenye kopo la majani ya chai. Jumamosi nashuka mjini kwa basi la asubuhi, nakuletea.