Warsha za vitendo kwenye kongamano la usalama wa mtandao: mnazipangaje?

Mnyegezi_Mdogo
Wakuu, habari za jioni. Tuna kongamano la siku mbili la usalama wa mtandao hapa Mwanza. Chuo kimetupa maabara moja na kumbi mbili za mihadhara, na kamati imenitupia mimi warsha na mafunzo yote. Maombi ya wawezeshaji yameshaingia kumi na moja, nafasi ni sita. Mmoja anataka kufundisha udukuzi wote kuanzia sifuri kwa dakika tisini. Mwingine anatoka kwa mdhamini wetu. Slaidi zake nimeziona, ni tangazo la bidhaa mwanzo mwisho. Usajili umefunguliwa juzi na watu wanajiandikisha kila kitu, hata warsha zinazogongana muda. Intaneti ya chuo sina haja ya kuwasimulia. Mliowahi kuibeba kazi hii, mnachaguaje, na siku yenyewe mnajipangaje?

MamaPaketi
Pole na hongera, mdogo wangu. Nimesimamia warsha za namna hii Dar kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Anza na intaneti, maana hiyo ndiyo itakayokuzika. Usiitegemee kabisa. Faili la Kali (Linux yenye zana za udukuzi) la kuendeshea kwenye VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako, ni kama gigabaiti tatu likiwa limebanwa. Watu thelathini wakianza kulipakua pamoja, hizo ni gigabaiti tisini kwenye laini moja, na wataanza pamoja, saa tatu na dakika tano asubuhi, kwa sababu hakuna aliyefungua barua pepe yako ya maandalizi. Wewe nenda na ruta yako, swichi yako, na kompyuta moja ya kawaida iwe seva. Weka humo kila kitu kitakachohitajika, pamoja na Juice Shop ya OWASP, shirika la usalama wa programu; ni lile duka la kwenye kivinjari lililotengenezwa na matundu ya usalama kwa makusudi. Ila kila mshiriki apate Juice Shop yake kwenye kontena yake, yaani nakala iliyotengwa na za wengine. Wakichangia moja, wa kwanza kuvuruga hifadhidata amewaharibia wote.

Kwa nini ruta yako na si Wi-Fi ya ukumbi? Hoteli na vyuo vingi huzuia vifaa vilivyo kwenye Wi-Fi yao visionane. Kwa mgeni wa kawaida ni jambo zuri, kwako ni msiba: intaneti inafunguka vizuri, lakini seva iliyo mezani mbele ya macho yako haionekani. Kuna hoteli watu walikaa nusu saa nzima wanailaumu Linux ya watu bure.

Ukishawishika kugawa faili kwa flashi, kumbuka unaongea na watu wa usalama. Nusu yao watakataa kuichomeka, nao wako sahihi. Nusu nyingine wataichomeka na itakurudia na zawadi. Ikibidi sana, ifomati kwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti nne, na uandike SHA-256 ya kila faili (ile namba ndefu inayobadilika faili likiguswa) ubaoni ili wahakiki wenyewe. Mimi hulifanya hilo liwe zoezi la kwanza la siku.

Halafu laptopu. Utakutana na zilizozimiwa uwezo wa kuendesha mashine pepe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayoiwasha kompyuta. Utakutana na za ofisini, ambazo BIOS ina nywila na mwenye nywila yuko likizo. Utakutana na Mac za chipu za M, ambazo zinataka Kali ya ARM, aina ya chipu hizo, si ile uliyoiweka kwa wengine. Dawa ni kufungua maabara jioni ya siku iliyotangulia kwa kazi moja tu, kusakinisha. Jioni kama hiyo nimemwona kijana wa benki, suti kamili, laptopu imefungwa kila upande, hata Wireshark, programu ya kutazama trafiki ya mtandao, haiingii. Tukamkalisha na binti wa mwaka wa pili mwenye mashine ya mtumba iliyobandikwa gundi kwenye bawaba. Kesho yake wawili hao walimaliza mazoezi yote kabla ya chumba kizima. Tangu hapo huwa nawapanga wawili wawili kwa makusudi, na hitaji la mashine linapungua nusu.

Kuchagua: achana na vichwa vya maombi, vyote vinapendeza. Mwambie kila mwezeshaji akutumie zoezi la kwanza lililoandikwa hatua kwa hatua, na picha ya kile mshiriki atakachokiona kwenye skrini akifaulu. Katika hao kumi na moja, wanne hivi watapotea wenyewe. Huyo wa udukuzi wote mpe Wireshark peke yake: kunasa trafiki, kuitafuta nywila iliyopita kwa HTTP bila kusimbwa, kisha tovuti ile ile kwa HTTPS, inayosimba, waone tofauti. Dakika tisini zitamtosha kwa shida. Warsha za DEF CON, kongamano la wadukuzi kule Las Vegas, hupewa muda wa saa nne kwa mada moja, na wanaozifundisha si wageni wa kazi.

Mdhamini usigombane naye. Mpe mafunzo ya ukumbini, anaongea, watu wanasikiliza, wanauliza. Akitaka maabara, sharti liwe kwamba zana ni ya bure na haihitaji mtu kufungua akaunti kwao.

Wakili_wa_Seva
Dada amemaliza, naongeza moja ambalo kamati nyingi hulipuuza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi kama ulikuwa unajifunza. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, basi. Mtandao wa warsha usiunganishwe kabisa na wa chuo, maana mshiriki akishafundishwa Nmap, zana ya kupekua vifaa vya mtandao, kitu cha kwanza atakachopima ni chochote kilicho karibu. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa mazoezi anwani zinazoruhusiwa kushambuliwa, na chuo kisaini barua ya kuwaruhusu mtumie maabara kwa kazi hiyo. Barua, si "tumeongea na mkuu wa idara".

kijana_wa_wingu
Mimi naona mnajitesa. Weka kila kitu kwenye wingu, mshiriki afungue kivinjari tu. Hakuna kusakinisha, hakuna BIOS, hata mwenye tableti anashiriki.

MamaPaketi
Kijana, hilo linafanya kazi pale laini inapofanya kazi. Ila hoja ya kivinjari naikubali: tumia kivinjari, seva iwe chumbani.

Mnyegezi_Mdogo
Asanteni sana, nimeshaanza kuwaandikia wawezeshaji. Mawili yamebaki. Usajili nimeujaza tayari, nitajuaje watakaokuja kweli? Na wapo wanaouliza posho.

MamaPaketi
Toza shilingi elfu tano kwa kila kiti cha maabara, unamrudishia mtu mlangoni akifika. Asiyefika kwa wakati, kiti anapewa aliye kwenye foleni ya akiba. Cheti kitolewe mwisho wa warsha, usithubutu kukitoa asubuhi. Na kwa kila watu kumi tafuta msaidizi mmoja wa kuzunguka, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanafaa sana, ili mwezeshaji asikwame kwenye laptopu ya mtu mmoja.

Posho hapana, chai ndiyo, lakini birika likae chumba kingine. Laptopu thelathini za wati 65 zinakaribia wati 2,000, na ekstensheni ya ampea 13 mwisho wake ni kama wati 3,000. Mtu wa chai akichomeka birika lake hapo, mmeishia hapo. Tandaza ekstensheni kutoka soketi tofauti za ukutani, usiziunganishe moja nyuma ya nyingine, na ukiwa na UPS moja tu, iwe ya seva, ruta na swichi. Laptopu zina betri zao.