Je, ni salama kufungua lost+found ili watumiaji watafute faili zao?

Msimamizi_wa_Seva: Ndugu wanajukwaa, seva yetu yenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) ilizimika umeme ulipokatika, na e2fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo huo, ikaokoa faili nyingi na kuziweka ndani ya lost+found, folda ya faili zilizopoteza majina yake, kwa majina kama #131082. Mwenzangu anapendekeza tuifungue folda hiyo kwa chmod 755 (amri inayoruhusu wote kuingia na kuona yaliyomo) ili kila mtu ajitafutie, kwa hoja kwamba faili zimebaki na wamiliki na ruhusa zake za awali. Je, hoja hiyo inatosha?

Fundi_Diski: Haitoshi hata kidogo. Ni kweli kwamba mmiliki na ruhusa hukaa ndani ya inodi, yaani rekodi ya taarifa za faili iliyo kando na jina lake, kwa hiyo jina likipotea vyenyewe havipotei. Lakini faili nyingi za watumiaji zina 644, yaani zinasomeka na yeyote, na kilichokuwa kikizilinda muda wote ni folda ya nyumbani yenye 700, yaani inayofunguliwa na mmiliki wake tu. Faili iliyookolewa imetolewa nje ya ulinzi huo, na ndiyo sababu mke2fs, programu inayoandaa diski ya ext4, huunda lost+found ikiwa na 700 chini ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Iacheni hivyo hivyo. Tambua wamiliki kwa ls -ln, muundie kila mmoja folda yake yenye 700, ndipo uhamishe kwa mv. Ukivuka kwenda diski nyingine tumia cp -a, maana cp ya kawaida ikiendeshwa na root huzifanya nakala kuwa mali ya root.

Mlinzi_Mtandao: Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Programu ya root yenye setuid, alama inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake, ikiokolewa hubaki na nguvu zake za root, hata kama ni toleo la zamani lenye kasoro. Zitafute kwa find -perm /6000, uzifute, kisha usakinishe upya kutoka kwenye pakiti.

Msimamizi_wa_Seva: Nashukuruni sana. Na diski nyingine tunayotaka kuiokoa kwa PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizopotea?

Fundi_Diski: Hapo hatari ni kubwa zaidi. PhotoRec hutambua faili kwa maudhui yake bila kutegemea mfumo wa faili, kwa hiyo mmiliki na ruhusa za awali havirudi: orodha ya mishahara na tangazo la ubaoni hutoka na ruhusa zilezile, kulingana na umask (mpangilio wa ruhusa ambazo faili mpya hunyimwa) ya anayeiendesha. Andika umask 077 kabla ya kuanza, na uelekeze matokeo kwenye diski tofauti. Ikiwa diski hiyo ni ya FAT, ambayo haihifadhi ruhusa za Unix, ipachike kwa chaguo la umask=077.