Kanikunjia mikono halafu anatafuna rolex mbele yangu! Huyu vampaya wa siri AONDOLEWE

Wakuu, sijalala. Nimeingia nyumbani saa kumi alfajiri, meno ya plastiki bado yako mfukoni, na naandika hivi hivi na hasira zangu kabla hazijapoa.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa kofia ya koti. Yule ambaye tangu mwezi wa pili ni "mgeni wa siri" kwenye mchezo wetu wa vampaya hapa Kampala, ule wa kuigiza wanyonya damu huku msimulizi akiamua kinachotokea: hana jina, hana ukoo, haongei, anasimama tu kwenye kona ya ua kama kalooli, yule korongo mla taka, aliyekuta jalala limefungwa.

Mimi nacheza Ventrue, miezi saba sasa. Kwa wageni: kwenye Vampire: The Masquerade, ndio mchezo wetu huu, Ventrue ndio ukoo wa watawala, watu wa suti, na laana yao ni kwamba damu ya kila mtu haiwapiti kooni, kila mmoja ana aina yake moja tu. Mimi nakunywa ya makarani wa benki. Suti nimeitafuta soko la Owino siku mbili, fundi akaipunguza mabega, tai nimeazima kwa shemeji. Wiki nne najiandaa kwa usiku wa jana, usiku wa kumhoji huyu mgeni mbele ya Mtawala wa Mji. Wiki nne! Mke wangu anayajua maswali yangu yote kwa moyo.

Sasa sikieni. Ggaba, saa sita usiku, ziwa lile pale. Umeme ukakatika wenyewe, wala hatukupanga, tukawasha mishumaa. Raha tupu. Msimulizi akanyamazisha watu. Yule akatoka kwenye kona yake taratiiibu. Nikamwuliza, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi: "Ni nani aliyekuzaa katika damu, na ni nani aliyekuruhusu kuwinda katika mji huu?"

Watu 22, hakuna anayepumua. Akasogea mpaka kofia yake ikanigusa paji la uso. Akasema:

"Wewe ni mbu aliyevaa tai."

Halafu akakunja mikono kifuani.

Wanaocheza wameshaelewa. Ukipishanisha mikono kifuani maana yake mhusika wako ametoweka, hatumwoni, hatuwezi kumsemesha. Alama hiyo ni ya zamani, ya kanuni za kucheza kwa kuigiza mkiwa mmesimama, zilizotoka 1993, miaka 2 baada ya mchezo wenyewe kuanza mezani huko Marekani. Naiheshimu. Kwa hiyo nimetukanwa, nimebaki mdomo wazi, na kwa sheria naangalia HEWA. Watu wanacheka mpaka mishumaa inazimika.

Na hewa ikatoa rolex.

Kutoka ndani ya koti. Imefungwa kwenye gazeti. Ikaanza kuila. Mkono mmoja kifuani, mkono mmoja una rolex, na hajaondoka hata hatua moja, amesimama pale pale mbele ya pua yangu, nanusa kitunguu. Nawauliza watu wazima wenzangu: mkono mmoja ukishuka, huyo bado haonekani? Nikasema ameonekana! Nikamwita tuamue kwa jiwe, karatasi, mkasi, kama tunavyoamua ubishi wote. Hakunijibu. Akamgeukia msimulizi, akasema, "Mikono yangu ina kazi." Na msimulizi, banange, msimulizi akasema eti yuko "nusu haonekani". Nusu! Kwenye kanuni ipi?

Tena vampaya hali chakula. Akila anakitapika, iko kwenye kitabu, hata mtoto anajua. Huyu hakutapika. Alilamba vidole. Kipande cha nyanya kikadondoka kwenye kiatu changu na kiko pale mpaka sasa, sijakitoa, ni ushahidi.

Mbu aliyevaa tai. Akakunja mikono. Akatafuna.

Ama yeye ama mimi. Mods msiunganishe uzi huu na ule wa mwezi jana.

Kisaasi_Mmoja: Pole sana Mbu.

NyukiWaArua: Nimesoma yote. Mbu amehuzunika sana 😂😂 Mleteeni chandarua.

Daktari_Mtarajiwa: Kwa faida ya wengi: mbu dume hanyonyi damu, anaishi kwa utomvu wa maua. Anayenyonya ni jike, anahitaji damu kwa ajili ya mayai yake. Kwa hiyo tusi lile lina kasoro.

Ventrue_wa_Ntinda (mwanzisha uzi): Asante daktari, lakini mimi sizungumzii mbu. Nazungumzia MKONO. Mkono ulishuka!

Kisaasi_Mmoja: Basi Mbu ana mayai?

MtotoWaTemeke: Samahani wakuu, niko Dar, napita tu. Vampaya alitafuna saa?

NyukiWaArua: @MtotoWaTemeke rolex ya Uganda ni chapati na mayai, inaviringishwa. Njoo siku moja tukulishe, mnateseka huko.

MtotoWaTemeke: Ahaa. Maana nilishaanza kumheshimu.

Mama_Nakawa: Mimi nilikuwepo. Mwanzisha uzi hajasema kwamba kabla ya hilo swali lake moja alihutubia dakika 40. Arobaini! Kuhusu historia ya ukoo wake! Yule kijana alikuwa na njaa, alisimama pale tangu saa tatu. Hata mimi ningemla mtu.

Ventrue_wa_Ntinda: Dada yangu, hotuba ilikuwa ya mhusika. Rolex haikuwa ya mhusika. Na hata kama ana njaa, si angegeuka? Angegeuka tu, aitafunie ukutani! Alinitazama machoni. Anatafuna, ananitazama.

Koti_Jeusi: Nyie mnalia rolex. Mimi jana nilipanda boda kutoka Wandegeya nimeshavaa kila kitu, unga usoni, meno, koti. Kufika Kabalagala dereva akaniangalia kwenye kioo cha pembeni. Akasimamisha pikipiki, akashuka, akakimbia, ananiita musezi, yaani mchawi wa usiku anayekula maiti. Ameniachia pikipiki! Nimekaa na pikipiki ya mtu nusu saa, watu wanajaa, mmoja ameshaokota tofali. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Daktari_Mtarajiwa: Lakini vampaya si haonekani kwenye kioo?

Koti_Jeusi: Kwenye boda alinionaaa.

Mzee_wa_Bombo: Wanangu, huyo dereva msimcheke. Zamani za Mwingereza, hapa Kampala mpaka Nairobi, watu waliwaogopa wazimamoto. Waganda waliwaita bazimamoto. Ilisemwa wanakamata mtu usiku na kumtoa damu. Pwani wao walisema mumiani. Marehemu mama yangu gari jekundu likipita alituvuta ndani na kufunga mlango. Sasa nyinyi mnajipaka unga, mnavaa makoti meusi, mnamshika mtu kiuno usiku kwenye pikipiki yake. Mimi ningekimbia zaidi yake. Na basezi si mchezo, waulizeni waliozika ndugu zao wakalala makaburini kulinda.

Koti_Jeusi: Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Lakini tofali?

Mhasibu_Halisi: Mimi nina swali moja kwa waandaaji, na nimeliuliza mara tatu. Tumelipa 20,000 kila mtu. Watu 22. Hiyo ni 440,000. Tuliambiwa kuna chakula. Chakula kiko wapi? Huyo wa kofia alikuja na rolex yake kwa sababu ni mtu mwenye akili. Sisi wengine tulikunywa "damu", maji ya sharubati ya unga, vikombe sita, na jagi likaisha.

Mama_Nakawa: Hapo umesema. Sharubati yenyewe haikuwa na sukari.

Kisaasi_Mmoja: 440,000 na mishumaa nane. Nilihesabu.

Ventrue_wa_Ntinda: Jamani. Jamani. Naomba mtu mmoja tu anijibu: mkono ukishuka, anaonekana au haonekani?

Mhasibu_Halisi: Aonekane kwanza mweka hazina.

NyukiWaArua: Tukiacha hayo yote, jamaa aliinunua wapi? Pale Ggaba karibu na soko kuna mmoja chapati yake nyembamba kama karatasi ya mtihani.

Mama_Nakawa: Aliniambia ni ya Wandegeya. Alibeba kwenye taksi mpaka Ggaba.

Koti_Jeusi: Wandegeya ndiyo, hapo hakuna ubishi. Mayai mawili, kabeji nyingi, anaichapa chapati ikiwa bado laini.

Kisaasi_Mmoja: Mayai mawili ni ya wanafunzi. Mimi nasema matatu, na pilipili ndani, siyo pembeni.

MtotoWaTemeke: Kabeji mbichi kwenye chapati?? Nyie ndio vampaya.

NyukiWaArua: @MtotoWaTemeke wewe unayekula chipsi na mayai usiseme kitu hapa.

MtotoWaTemeke: Chipsi mayai ina historia mkuu. Fungua uzi wake tukutane huko.

Mzee_wa_Bombo: Kitunguu kikatwe kidogo kidogo. Vijana wa siku hizi wanakata kama wanagombana.

Mhasibu_Halisi: Kwa 440,000 tungepata rolex ngapi? Kwa 3,000 ni 146, na chenji inabaki.

Mama_Nakawa: Mwezi ujao pesa tumpe huyo wa kofia. Apitie Wandegeya.